Prosesa ya Wati Sita

Pitshou alikuwa ameshika bisibisi Inspekta Goretti Alal alipoingia dukani kwake Kabalagala, na hakuharakisha kuiweka chini. Duka lenyewe lilikuwa kichochoro kilichoezekwa bati, kati ya baa iliyokuwa bado ikipigwa deki na meza ya mama aliyekuwa akikaanga rolex, chapati za kukunjwa na mayai. Ukutani zilining'inia nyaya za kila rangi. Sajini Obita alibaki mlangoni, akauziba kwa mabega yake.

"Weka chini hiyo," Alal alisema.

Pitshou akaiweka. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, fundi kutoka Bukavu ambaye nusu ya Wakongomani wa mtaa huo walimwamini kwa simu na kompyuta zao.

"Ni juu ya Ambroise," alisema. "Mungali munamutafuta?"

"Hajaonekana tangu Jumapili. Siku hiyohiyo kompyuta ya kamera zake imebebwa sebuleni kwake, Namuwongo. Jirani anasema alikuona wewe ukitoka getini na kitu kifuani, umekifunika koti."

"Mimi?" Pitshou alijigusa kifua kama mtu anayetafuta jeraha. "Jirani gani huyo?"

"Kuuliza ni kazi yangu."

"Afande, Jumapili sikukanyaga Namuwongo. Nilikuwa Port Bell kutwa nzima, nafunga kamera kwa stoo ya samaki. Na kamera mupya, mutu wa kwanza inamupiga picha ni fundi. Angalia."

Alimpa simu. Alal alitazama: Pitshou juu ya ngazi, Pitshou akivuta waya, Pitshou akila chapati chini ya paa la stoo, na tarehe ya Jumapili pembeni ya kila picha. Obita alitoka nje, akampigia mwenye stoo, akarudi.

"Ni kweli, Afande. Yule mzee anasema huyu alikuwa kwake mpaka jua limekwenda."

Uzi alioufuata Alal tangu asubuhi ukamkatikia mkononi. Alivuta kigoda, akaketi.

"Haya, nifundishe. Ambroise anauza vitenge. Mwuza vitenge anataka nini na mitambo ya kamera?"

"Ile ya kwanza nilimuuzia mwaka jana. Kompyuta kubwa nyeusi ya ofisi. Prosesa yake, ule ubongo wa ndani, iko na nguvu, lakini inakula umeme kama ng'ombe kwa shamba la mahindi. Umeme ukikatika, betri ya nyumba inaishikilia kidogo, kisha vyote vinalala: kompyuta, kamera, vyote. Mwezi uliopita akarudi. Anasema, 'Pitshou, nitafutie prosesa yenye kula kidogo.'"

"Ukampa?"

"Tulihangaika, Afande! Ya kwanza ilikuwa ya laptopu kuukuu. Akaikataa kwa sababu ya feni, anasema inapiga kelele. Ya pili kadogo sana, kama kiganja. Haikuweza, kamera zote nne zikiingia pamoja picha inakatikakatika. Ya tatu ndiyo tulikubaliana. Prosesa ya wati sita. Haina feni, haisikiki, na ndani yake kuna sehemu ya kusoma video pekee, kwa hiyo yenyewe haichoki. Betri ileile sasa ikashika usiku kucha."

"Na hiyo ndiyo iliyoibwa?"

"Bibi yake, Perpétue, alisema iliibwa gani?"

"Ile nyeusi, chini ya runinga."

Pitshou alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Ile nyeusi ni ganda, Afande. Diski ya kutunza picha niliitoa mimi mwenyewe. Ambroise aliniambia niiache palepale na taa yake iwake, mwizi akija apate cha kubeba."

Obita aligeuka kutoka mlangoni.

"Ile ndogo iko wapi?" Alal aliuliza.

"Alifunga mwenyewe. Hakutaka nijue. Mimi nilimuuliza, ndugu, unalinda nini hivyo, vitenge? Akanijibu, 'Ninachotaka kuona kinatoka umeme ukikatika.' Nikafikiri anasema wezi."

Alal alisimama. "Uliweka neno la siri?"

"La kuanzia, ndiyo. Kama hakulibadilisha."

* * *

Nyumba ya Ambroise ilikuwa upande wa juu wa Namuwongo, mahali ambapo mabanda ya kando ya reli yanaanza kuwa nyumba za matofali. Geti lilifunguliwa na mzee mwenye sweta la kijivu na miwani, chupa ya chai mkononi. Huyo ndiye Papa Mumbere, jirani wa ng'ambo ya barabara. Tangu Jumapili hakukauka hapo. Yeye ndiye aliyempeleka Perpétue polisi, yeye ndiye aliyewaongoza wanakwaya kuja kuomba, na yeye ndiye aliyesema alimwona Pitshou.

"Mumemukamata yule fundi?" aliuliza kwa upole.

"Tunaendelea naye, mzee," Alal alijibu. Macho ya uzee hukosea, aliwaza, na hakuona sababu ya kumtahayarisha mbele ya watu.

Ndani, Perpétue alikuwa amekaa mkekani, kitambaa kichwani kimelegea. Bintiye Darlène, wa umri wa kuanza shule, alikuwa akichora kwenye karatasi. Mzee alipoketi, mtoto alimkimbilia na kumpandia pajani kama aliyezoea.

"Mama Darlène, pole," Alal alisema. "Naomba ruhusa nizime umeme wa nyumba yako. Kila kitu. Friji, pasi, chaja za simu, vyote tuchomoe."

"Kwa nini, Afande?"

"Nataka kuona kitu kwenye mita."

Wakazunguka chumba kwa chumba wakichomoa. Obita aliiacha swichi kuu ikiwa imewashwa, akachomoa hata redio ya jikoni. Kisha Alal akatoka barazani, akasimama mbele ya mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Kitaa chekundu ambacho huonyesha umeme unavyotumika kilipaswa kutulia. Kilikaa kimya, kimya, hata Perpétue akaanza kugeuka kuondoka. Halafu kikapepesa. Kikanyamaza tena muda mrefu. Kikapepesa.

"Kuna kitu kinakula," Alal alisema. "Kinakula kama ndege, lakini kinakula."

"Hakuna kitu kingine ndani mwangu," Perpétue alisema, naye alionekana kuogopa mita yenyewe.

Waliufuata waya wa betri kutoka stoo. Ulipanda ukutani nyuma ya magunia ya vitenge, ukaingia darini. Obita akaomba ngazi.

"Mutapata panya tu huko juu," Papa Mumbere aliita kutoka sebuleni.

"Panya pia tunawataka, mzee," Alal alimjibu. "Kaa tu na mtoto, tafadhali, vumbi lisimdhuru."

Baadaye alijiuliza mara nyingi jinsi maneno hayo yalivyomtoka kirahisi.

Obita alitambaa darini, na kwa kitambo kikasikika kishindo cha magoti yake tu. Kisha sauti, imezibwa na dari: "Afande! Iko hapa. Ndogo kama boksi ya viatu vya mtoto. Inawaka! Halafu haisemi kitu, mtu anaweza kulala kando yake asiisikie."

Walivuta waya wa picha kupitia tundu la dari, kisha chini ya mlango, hadi kwenye runinga ndogo ya chumbani. Alal alifunga mlango. Neno la siri la Pitshou lilikubali mara ya kwanza. Kioo kikagawanyika miraba minne, na Perpétue, aliyekuwa amesimama nyuma yao mikono kinywani, akasema, "Mbona sioni nyumba yangu?"

Mraba wa kwanza tu ndio ulionyesha geti lake. Mitatu iliyobaki ilitazama ng'ambo ya barabara. Mmoja uliona geti la bluu. Mmoja uliona mlango wa mbele. Wa mwisho, kutoka pembe ya juu ya paa, uliona hadi uani, kibanda cha stoo chenye kufuli.

"Afande," Obita alinong'ona, "hii kamera inalinda nyumba ya watu ingine."

"Hapo ni kwa Papa Mumbere," Perpétue alisema.

Alal alifungua picha ambazo Ambroise mwenyewe alikuwa amezihifadhi kando. Zote zilikuwa za saa za giza, mtaa mzima umeme umekatika, picha kijivu kama majivu. Katika ya kwanza geti la bluu lilifunguka bila taa. Wanaume waliingia mmoja mmoja. Kila aliyeingia alisimama wima mbele ya Papa Mumbere, visigino pamoja, mikono mapajani, akangoja aambiwe apite. Katika nyingine mzee alimzaba mtu kofi, na aliyezabwa hakuinua hata mkono kujikinga. Mzee hakuwa na miwani. Mgongo wake, ambao mchana ulikuwa umepinda, ulikuwa umenyooka kama mlingoti.

Obita alikuwa mtoto wa askari, amekulia kambini. "Hawa hawasalimii mzee wa kanisa. Hivi ni kusalimia kamanda."

"Lete Jumapili," Alal alisema.

Jumapili ilikuwa na jua. Perpétue na Darlène walionekana wakitoka kwenda kanisani, mtoto akirukaruka. Barabara ikatulia. Geti la bluu likafunguka na Papa Mumbere akatokea na sweta lake la kijivu, akapunga mkono, akiita. Ambroise alitoka kwake akijifuta mikono, akavuka barabara. Mzee alimshika begani kwa upendo, wakaingia pamoja. Geti likafungwa.

Kisha geti likafunguka tena. Mzee akatoka peke yake. Funguo za Ambroise zilikuwa mkononi mwake, akavuka, akafungua nyumba hii hii waliyokaa, na alipotoka alikuwa amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa koti.

"Rudisha," Perpétue alisema.

Alal akarudisha.

"Rudisha tena."

Akarudisha. Perpétue aligusa kioo kwa kidole, pale ambapo mkono wa mzee ulikuwa begani mwa mumewe. "Jioni ile alikuja kunishika mukono," alisema. "Aliomba na sisi. Nililia kwa sweta yake, Afande. Hii hii."

"Keti, mama."

Hakuketi. "Ambroise alitoka pale lini?"

Alal alikuwa tayari anaikimbiza picha mbele, kutoka Jumapili hadi leo asubuhi. Vivuli vilizunguka ua, jua likaingia na kutoka. Mzee alikwenda na kurudi. Ambroise hakutoka. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuja huku na chupa yake ya chai, mzee alifungua kufuli la kibanda cha uani na kuingia na kikombe cha maji.

"Maiti haipelekewi maji," Alal alisema. "Mumeo yu hai."

Perpétue alifungua kinywa kupiga yowe, na Obita akauwahi mdomo wake kwa kiganja. Maana wakati huohuo, kupitia ukuta mwembamba, walimsikia Papa Mumbere sebuleni. Alikuwa akimfundisha Darlène kuhesabu vidole, na mtoto alikuwa anacheka.

Miaka yote ya kazi Alal alikuwa amewatazama wauaji machoni, kwenye vyumba vya mahojiano, na meza katikati. Huyu, yeye mwenyewe Alal ndiye aliyemkabidhi mtoto.

Alimpa Perpétue ishara abaki. Akavuta pumzi, akatoka.

Mzee alikuwa kitini, mtoto pajani, kiganja chake kikubwa kimetulia juu ya kichwa cha mtoto.

"Mumepata panya wenu?"

"Tumempata, mzee." Alal alijitahidi sauti isipande. "Darlène, mwanangu, mama anakuita chumbani."

Mtoto hakushuka. Aliinua uso na kumtazama mzee kwanza, kumwomba ruhusa. Kiganja hakikuondoka. Nyuma ya miwani, macho ya Papa Mumbere yalihama polepole kutoka kwa Alal hadi kwenye mlango wa chumbani, hadi kwenye waya mweusi uliokuwa umetokeza chini yake, ambao asubuhi haukuwapo. Aliutazama waya huo kwa makini.

"Ni kompyuta," alisema. "Alikuwa na ingine."

"Mwache mtoto ashuke."

"Aliapa hakuna ingine." Alitikisa kichwa, kama mwalimu aliyedanganywa na mwanafunzi aliyempenda. Kisha akakiondoa kiganja. "Nenda, mutoto."

Darlène alikimbilia chumbani. Obita akapita kama upepo, na mzee hakupigana. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi ya michoro ya mtoto, akatoa mikono mbele atiwe pingu.

* * *

Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwake. Alal na Obita walivuka barabara mbio, huku askari wa gari la polisi walilokuwa wameliita wakibaki na mzee. Kibanda kilinuka mkojo na magunia ya makaa. Ambroise alikuwa amelala sakafuni, amefungwa mikono na miguu kwa waya za umeme, utepe wa gundi mdomoni. Jicho moja lilikuwa limevimba hata halifunguki. La pili liliwatazama.

Obita, mtu mzito wa mabega, alipiga magoti akaubandua ule utepe taratibu.

"Darlène?" Ambroise aliuliza.

"Yuko na mama yake. Hawana neno."

"Mashine… ilishika?"

"Ilishika yote," Alal alisema.

Ambroise alifumba jicho lake. Obita alimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. "Aliniuliza picha nimetumia nani. Alijua nimemujua. Aliona kamera zinaendelea kuwaka mutaa ukiwa giza, kale kataa kekundu. Mimi nilikuwa mutoto kule kwetu Kahondi alipopita na watu wake wakiua. Nililala ndani ya shamba la kahawa, nikasikia sauti yake. Miaka yote hii, kisha naisikia hapa, nyuma yangu kanisani, anaimba." "Lakini nani ataniamini juu ya sauti? Nilitaka uso, na watu wake. Sikumwambia Perpétue, na yeye ni wa kulekule. Afande, anakula mezani kwetu. Nitamwambia mimi mwenyewe. Naomba uniachie mimi."

"Nakuachia," Alal alisema, na alidhani ni ahadi iliyo mkononi mwake.

Walimtoa nje kwa blanketi. Mtaa ulikuwa umejaa. Watu walisimama kando ya barabara bila kelele, jambo la ajabu kwa Namuwongo, wanawake wa kwaya wameshikana mikono, kila mmoja anamtazama mzee aliyekaa nyuma ya gari la polisi, pingu mapajani. Mwanamke mmoja alikuwa akirudia, "Si yeye, si yeye, mumekosea mutu."

Perpétue alimwona mumewe, akamkimbilia, akampapasa uso, mbavu, vidole, kimoja kimoja, hata daktari wa zahanati akamwomba asogee. Kisha akainuka. Akalifuata gari. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyejua anakwenda kufanya nini, na labda yeye mwenyewe hakujua. Alisimama chini, kando ya gari alimokaa mzee, akamtazama tu.

"Binti," Papa Mumbere alisema kwa sauti ileile ya upole, "usinitazame hivyo. Wewe hasa, usinitazame hivyo."

"Mume wangu amekukosea nini?"

"Mimi nilikutendea mema kabla hujanijua." Aliinama kidogo, kama anayempa siri ya familia. "Kule Kahondi. Nyumba yenu, ile ya mabati mekundu, karibu na mashine ya kusaga. Vijana walitaka kuizunguka yote. Mimi ndiye nilisema mulango wa nyuma waache wazi. Wewe ulipita pale. Nilikuona ukipita, katoto na gauni ya njano."

Nyuma yake, Alal alimsikia Ambroise akijaribu kuinuka.

Perpétue hakuanguka. Hakupiga yowe. "Mambo ya mulango sijamwambia mutu," alisema polepole. "Hata Ambroise."

"Ndiyo maana nakukumbusha mimi," mzee alisema. "Ujue unaishi kwa sababu ya nani."

Dereva, ambaye hakuelewa au hakutaka kuendelea kuelewa, aliwasha injini. Perpétue akalishika gari kwa mikono miwili.

"Mama alikuwa nyuma yangu," alisema. "Nilikuwa nimeshika kidole chake. Nilipotoka nje, mulango ulifungwa, na kidole kikanitoka." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Nani aliufunga?"

Mzee aligeuza uso upande wa reli.

Dereva akatia gia. Alal aliinua mkono kwake.

"Zima," alisema. "Mama ameuliza."